Kitambulisho kimekwama kwenye ombi la SRD: ujirekebishie mtandaoni, uende SASSA, uende Home Affairs, au ukate rufaa?

Umeomba ile R370 ya SRD, msaada wa kila mwezi wa serikali ya Afrika Kusini kwa wasio na kipato cha kutosha. Unafungua ukurasa kuangalia jibu la mwezi, na mahali ulipotarajia kuona "approved" pameandikwa "identity verification failed". Maneno hayo hayakuiti mwongo. Yanasema tu kwamba SASSA, shirika la serikali linalolipa misaada, ilichukua taarifa ulizoandika, ikazilinganisha na daftari la Home Affairs, wizara inayotunza majina na vitambulisho, na zikapishana. Kilichopishana ni nini na kosa liko upande gani, ukurasa haukuambii. Ndipo mtu anapoanza kuzunguka: leo foleni ya SASSA, kesho Home Affairs, keshokutwa rufaa, na wakati huo siku 90 za kudai mwezi uliokataliwa zinazidi kukatika.

Tunawaandikia wasomaji wa Kiswahili walioko Afrika Kusini, hasa Wakongo na Warundi wenye makaratasi ya ukimbizi huko Durban, Johannesburg na Cape Town. Raia na wakaazi wa kudumu wanapita njia hizohizo nne, ila mlango wao wa Home Affairs ni tofauti.

Kwanza hakikisha umo kwenye orodha. SRD ilianza Mei 2020 wakati wa korona kwa R350, ikapanda hadi R370 Aprili 2024. Ni ya mtu wa miaka 18 hadi 60 ambaye kinachomwingilia kwa mwezi hakizidi R624, na ambaye hapokei msaada mwingine wa serikali kwa ajili yake mwenyewe. Mama anayepokea hela ya mtoto bado anaweza kujiombea SRD. Wenye Section 22, yaani kibali cha mwomba hifadhi ambaye ombi lake bado halijaamuliwa, waliachwa nje mwanzoni, pamoja na wenye vibali maalumu vya Zimbabwe, Lesotho na Angola. Mahakama Kuu ya Pretoria ikawaingiza Juni 2020. Mkimbizi mwenye Section 24, yaani aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi, yumo. Mwenye visa ya kazi au ya masomo hayumo, na kurekebisha jina hakutambadilishia hilo.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne tutazipima kwa maswali yaleyale: inaweza kubadilisha nini hasa, inataka uwe na nini mkononi, inakula muda na pesa kiasi gani, inakwama wapi, na inamfaa nani. Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Kosa hurekebishwa pale linapokaa. Kama jina lako limeandikwa vibaya katika daftari la Home Affairs, ofisa wa SASSA hawezi kulishika hata akikuhurumia vipi. Kama kosa ni la kidole chako kwenye simu, kulala nje ya Home Affairs ni kujichosha bure.

Kabla ya kuchagua, soma karatasi yako kwa makini

Chukua kitambulisho chenye tarakimu 13. Sita za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 880101 inasema ulizaliwa tarehe 1 Januari 1988. Mtu aliyefika akijua mwaka wake tu, bila siku, huenda aliandikiwa Januari mosi. Kama hivyo ndivyo ilivyo, na wewe kwenye fomu ukaandika siku ambayo mama yako anaikumbuka, hamtalingana. Andika ya kwenye namba. Nne zinazofuata ni jinsia: 0000 hadi 4999 ni mwanamke, 5000 kwenda juu ni mwanamume. Mama mwenye namba ambayo tarakimu yake ya saba ni 5 au zaidi ana kosa lililozaliwa Home Affairs, na huko ndiko litakakozikwa.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Inapatikana kwa hesabu inayotumia zile 12 zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja fomu ina njia ya kulitambua kosa papo hapo. Majina hayana mlinzi wa namna hiyo. Ndiyo maana ombi linaweza kupokelewa vizuri kabisa, kisha likakataliwa baadaye kwa sababu ya jina.

Na majina ya Wakongo ni habari nyingine. Nyumbani tunaandika jina, jina la pili, kisha jina la ubatizo mwishoni. Tuseme mtu ni Amani Bisimwa Jean. Ofisa wa Afrika Kusini amezoea jina la ukoo kukaa mwisho, kwa hiyo anaweza kuandika ukoo "Jean". Benki nayo, ikiangalia karatasi nyingine, inamfungulia akaunti kwa ukoo "Amani". Simu imesajiliwa kwa "Bisimwa". Mtu mmoja, koo tatu. Kwenye fomu ya SRD fuata ile iliyo kwenye karatasi ya Home Affairs, hata kama inakuudhi, herufi kwa herufi: bila kuongeza kistari, bila kuacha jina la katikati kama limeandikwa.

Mwenye Section 22 hatumii tarakimu 13. Anatumia namba ya faili, inayoanza na herufi za ofisi na za nchi, mfano DBNCOD kwa Mkongo aliyefunguliwa faili Durban, kisha tarakimu. Herufi O ya COD na sifuri inayoweza kuifuata zinafanana sana kwenye karatasi iliyopigwa fotokopi mara kumi. Soma kwenye karatasi ya asili. Kisha angalia tarehe ya mwisho. Karatasi iliyokwisha muda inaangusha ombi hata kama kila herufi ni sahihi.

Njia ya kwanza: kujirekebishia mtandaoni

*Inabadilisha nini.* Ulichoandika wewe: jina, namba, simu, akaunti ya benki. Pia ndiyo njia ya kuthibitisha uso pale SASSA inapokutumia kiungo kwa meseji.

*Unachohitaji.* Simu yenye kamera na intaneti, laini ileile uliyoombea, na karatasi yako ya asili mbele yako. Ingia srd.sassa.gov.za. Kuna milango miwili: wa wenye kitambulisho cha tarakimu 13, na wa waomba hifadhi na wenye vibali maalumu. Mwenye Section 24 aliyekwisha kupata kitambulisho cha mkimbizi anapita wa kwanza; mwenye Section 22 wa pili. Kupita mlango usio wako ni kosa la kawaida, na hakuna atakayekuonya.

*Muda na gharama.* Dakika chache na bando. Ombi lenyewe ni bure, na kubadilisha taarifa ni bure. Anayekudai R50 ya "kufungua faili" hana faili lolote.

*Inapokwama.* Kwenye uso, hasa. Mashine inalinganisha picha unayopiga sasa na ile iliyoko Home Affairs, na picha hiyo inaweza kuwa ya miaka 15 iliyopita. Simama ukiangalia dirisha, mwanga ukupige usoni, usiuweke mgongoni. Vua miwani na kofia. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Simu ya bei nafuu yenye mafuta ya vidole hutoa picha yenye ukungu, na uso wenye ukungu haulinganishwi na kitu. Shika simu usawa wa macho. Ikishindikana mara mbili, pumzika ujaribu mchana kweupe. Kiungo ni chako peke yako, usimtumie mtu "akusaidie", maana anayekishika anaweza kulisogeza ombi lako mpaka kwenye laini na akaunti yake.

Ukali huu una sababu. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walionyesha hadharani kwamba namba nyingi za vitambulisho zilikuwa zimetumika kuomba SRD bila wenyewe kujua. Kwa hiyo unaweza pia kukuta mwenzako asiyejulikana ameshaomba kwa namba yako. Hapo mtandao haukufai tena. Pita njia ya pili.

*Inamfaa nani.* Aliyelinganisha fomu na karatasi akaona kosa ni lake, aliyebadilisha laini akiwa bado ana uwezo wa kuthibitisha, na aliyetumiwa kiungo cha uso akakipuuza.

Njia ya pili: ofisi ya SASSA

*Inabadilisha nini.* Rekodi ya SASSA yenyewe: ombi lililofunguliwa na mtu mwingine kwa namba yako, laini iliyoibwa, ombi lililosimamishwa kwa kushukiwa ulaghai. Ofisa anaweza pia kukuambia kitu ambacho ukurasa unakificha, yaani ni kipi hasa hakikulingana. Muulize waziwazi: ni jina, tarehe, uso, au ni kibali? Usiondoke bila jibu la swali hilo.

*Unachohitaji.* Karatasi ya asili na nakala zilizothibitishwa. Kuthibitisha nakala na kuapa hati ya kiapo hufanyika kituo cha polisi bila malipo. Kama namba yako imetumiwa na mwingine, kiapo kieleze siku uliyogundua, laini yako halisi, na kwamba akaunti iliyopokea pesa si yako.

*Muda na gharama.* Nauli ya teksi kwenda na kurudi, na siku nzima. Mara nyingi ni siku mbili.

*Inapokwama.* SRD ilijengwa iombwe mtandaoni, na kwenye kaunta nyingi utarudishwa kwenye simu yako. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba kulazimisha watu waombe kwa mtandao peke yake si halali, lakini serikali ikaamua kukata rufaa, kwa hiyo usifike kaunta ukidhani hukumu ile imekwisha kubadilisha utaratibu. Jambo jingine: ofisa akikuambia "nenda Home Affairs", mwombe akuandikie sababu kwenye karatasi, na wewe uandike tarehe na jina lake. Bila hicho Home Affairs watakurudisha SASSA, na utakuwa mpira.

Misaada mingine ina unafuu ambao SRD haina, na unafaa kujulikana na kila mzazi. Kwa msaada wa mtoto, mlezi asiye na kitambulisho, au mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, hapaswi kufukuzwa. Kanuni inaruhusu kiapo kwenye fomu ya SASSA yenyewe, pamoja na maelezo ya kiapo ya mtu anayeheshimika anayemjua mwombaji na mtoto, kama mchungaji, diwani, mwalimu mkuu au ofisa wa ustawi wa jamii. Na ushahidi kwamba umeshaomba karatasi Home Affairs. Kijitabu cha kliniki cha mtoto, ripoti ya shule na cheti cha ubatizo vinasaidia. Ila msaada huo unafika kwa wakimbizi wa Section 24, haufiki kwa Section 22. Ukikataliwa kaunta, sema kwamba unataka ombi lipokelewe na upewe risiti yenye tarehe. Risiti ni haki yako.

*Inamfaa nani.* Aliyeibiwa namba, asiye na simu ya kamera, na anayeomba msaada wa mtoto, wa ulemavu au wa uzee.

Njia ya tatu: Home Affairs, au ofisi ya wakimbizi

*Inabadilisha nini.* Chanzo chenyewe. Jina, tarehe, jinsia, ndoa, hata uhai: wapo wazima waliosajiliwa wamekufa. Ukirekebisha hapa, benki, shule na hospitali vinafuata. Hii ndiyo njia ndefu kuliko zote, na ndiyo inayoponya kabisa.

*Unachohitaji.* Hapa raia na mkimbizi wanaachana. Raia na mkaazi wa kudumu wanaenda ofisi ya kawaida ya Home Affairs, wanachukuliwa alama za vidole, na wakikuta kosa lilikuwa la ofisi marekebisho hayalipiwi. Kadi mpya ya Smart ID ikihitajika ni R140. Mwanamke aliyekuta jina lake la ukoo limebadilika bila yeye kujua aanze kwa meseji: herufi M ikifuatiwa na namba yake ya kitambulisho, kwenda 32551. Jibu litamwambia kama daftari linamwona ameolewa. Ndoa za kughushi zimewahi kufungwa kwa namba za watu wasiojua lolote.

Mkimbizi na mwomba hifadhi wanaenda ofisi ya kupokea wakimbizi inayoshika faili lao: Durban, Pretoria, Musina, Gqeberha au Cape Town. Faili la Durban linaweza kukulazimu usafiri hadi Durban hata kama unaishi Cape Town, kwa hiyo uliza kwanza kwa barua pepe kama ofisi ya karibu italipokea. Beba karatasi zako zote za zamani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa jina lililoandikwa vizuri kwenye karatasi ya mwanzo ndilo shahidi wako bora. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura ya Congo, cheti cha shule, vyote vinafaa.

Hapa tunasihi kwa nguvu: usikimbilie ubalozi wa nchi yako kutafuta karatasi ya kuthibitisha jina. Sheria ya Wakimbizi ilivyorekebishwa, na kuanza kutumika 1 Januari 2020, inaruhusu kitendo cha kujitafutia tena ulinzi wa nchi uliyoikimbia kuhesabiwa dhidi yako. Mtu anaweza kwenda kutafuta herufi moja ya jina akarudi amepoteza hadhi. Ongea na mwanasheria kwanza. Lawyers for Human Rights wanafanya kazi hiyo, Scalabrini Centre pia kwa walioko Cape Town, na Legal Aid South Africa ipo mikoani. Wote hawalipishi wasio na uwezo.

*Muda na gharama.* Hesabu kwa miezi, na nauli zaidi ya moja. Kuongeza muda wa karatasi iliyokwisha ni kwepesi zaidi, kwa kuwa tangu 2021 kunafanyika pia mtandaoni. Omba kabla haijaisha, na utunze barua pepe ya majibu.

*Inapokwama.* Kwenye kusubiri, na kwenye kitambulisho kilichofungwa. Maelfu ya watu walikuta namba zao zimefungwa na Home Affairs kwa mashaka. Januari 2024 mahakama ya Pretoria ilisema kufunga bila kumsikiliza mwenyewe ni kuvunja katiba. Kama namba yako imefungwa, omba sababu kwa maandishi, kisha mpelekee mwanasheria.

*Inamfaa nani.* Ambaye karatasi yenyewe ina kosa, au karatasi iko sahihi lakini SASSA imethibitisha kwamba daftari lina kitu kingine.

Njia ya nne: rufaa

*Inabadilisha nini.* Uamuzi wa mwezi uliokataliwa, na hicho tu. Rufaa huenda kwa baraza huru linaloitwa ITSAA, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. SRD hupimwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi uliokataliwa unataka rufaa yake.

*Unachohitaji.* Namba ya kitambulisho au ya faili, na laini ya ombi ili upokee namba ya siri. Unachagua mwezi, unachagua sababu, basi.

*Muda na gharama.* Bure. Uiweke ndani ya siku 90 tangu kukataliwa. Majibu huchukua miezi.

*Inapokwama.* Baraza huangalia tena madaftari yaleyale. Kama jina bado halilingani siku wanapoangalia, jibu litakuwa lilelile. Hata hivyo usiache kuiweka. Home Affairs inaweza kuchukua zaidi ya siku 90, na mwezi usiokatiwa rufaa kwa wakati umepotea hata ukirekebishiwa kila kitu baadaye.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kurekebisha kosa na anataka miezi yake ya nyuma, na aliye katikati ya marekebisho asiyetaka siku zimpite.

Kwa hali yako

Fomu haifanani na karatasi: rekebisha mtandaoni leo, kata rufaa kwa miezi iliyokataliwa, usitoke nyumbani.

Fomu na karatasi vinafanana, muda haujaisha, na bado inakataa: piga 0800 60 10 11, namba ya bure ya SASSA, uulize ni kipi hakilingani. Usipopata jibu nenda ofisini. Rufaa iwe imewekwa kabla ya kutoka.

Section 22 imekwisha muda: ongeza muda kwanza, mengine yote yasubiri. Kumbuka na benki, maana karatasi ikiisha akaunti inaweza kufungwa, na pesa iliyokubaliwa ikakosa pa kuingia.

Jibu ni "approved" lakini hakuna kinachoingia: hapo utambulisho wako kwa Home Affairs umepita, kilichogoma ni benki. Akaunti lazima iwe yako mwenyewe na jina lifanane na la ombi. Akaunti ya mume au ya dada haitapita. Peleka karatasi benki warekebishe jina, kisha uweke upya taarifa za akaunti mtandaoni.

Uso unakataa na picha ya Home Affairs ni ya ujana wako: jaribu siku mbili tofauti kwenye mwanga mzuri, kisha nenda SASSA na karatasi. Ukiwa na haki ya Smart ID, kuiomba kutaweka picha mpya kwenye daftari.

Karatasi ina tarehe au jina lisilo lako: ofisi ya wakimbizi au Home Affairs, pamoja na mwanasheria kama kuna swali lolote la ubalozi. Wakati unasubiri, endelea kujaza fomu zote kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi, na kila mwezi unaokataliwa uukatie rufaa. Daftari likirekebishwa, siku hiyohiyo badilisha jina kwenye SRD, benki na usajili wa laini, vyote vitatu.